Kondoo chotara wa maziwa na shida za kiwele: jinsi ya kutafuta chanzo

Mfugaji aliyeleta dume wa kigeni ili kuongeza maziwa hukutana na malalamiko yale yale msimu wa binti zake kuanza kukamuliwa: vikombe vya mashine vinadondoka, maziwa yanabaki kiweleni, kiwele kinaning'inia, mwana anatafuta chuchu haoni. Mwenye kundi humlaumu dume, fundi wa mashine humlaumu mkamuaji, na daktari wa mifugo anauliza kuhusu ugonjwa. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, ila kila mmoja kwa kondoo wake. Kazi ni kuwatenganisha kabla hujatoa pesa ya dawa au kumchinja dume asiye na kosa.

Maswali matatu kabla ya kugusa dawa

Kiwele cha kondoo kina nusu mbili zisizoingiliana, kila moja na chuchu yake. Kwa hiyo swali la kwanza ni: shida iko pande zote mbili au upande mmoja? Umbo la kurithi hujionyesha kulia na kushoto kwa kadiri inayokaribiana. Jeraha na maambukizi mengi hushika upande mmoja.

Swali la pili: ni kondoo huyu tu, au na dada zake wa baba mmoja? Hapa daftari la kupandisha lina thamani kuliko sindano yoyote. Kama binti wengi wa dume mmoja wana chuchu zilizotazama pembeni, na binti wa dume mwingine waliolala zizi lile lile na kukamuliwa na mtu yule yule hawana, umeshapata jibu. Kama kundi zima linasumbua bila kujali baba, angalia mashine, sakafu na mikono ya mkamuaji.

La tatu: tangu lini? Umbo baya la kurithi huanza kuonekana uzao wa kwanza, kisha huongezeka taratibu kila uzao kwa sababu kano zinazoshikilia kiwele hulegea. Kilichoanza juzi si umbo.

Kuna ugonjwa mmoja unaovunja kanuni hizi, nao nitaufikia.

Damu mbili zinapokutana

Watu wengi huingia kwenye uchotara wakitarajia kwamba mtoto atachukua bora ya kila mzazi. Nguvu ya uchotara ipo kweli, lakini hujitokeza zaidi kwenye uhai wa wana, uzazi na ukuaji, na kwa kiasi fulani kwenye maziwa. Umbo la kiwele halinufaiki nayo sana. Kina cha kiwele, mshikamano wake na tumbo, mwelekeo wa chuchu na ukubwa wake hurithiwa kwa kiwango cha wastani, na chotara wa kwanza kwa kawaida huangukia mahali fulani katikati ya wazazi wake. Jike wa Dorset, aliyeumbwa kwa nyama na kulea wana wake tu, ana kiwele kidogo kilichobana. Mpandishe kwa dume wa East Friesian, kondoo wa maziwa wa pwani ya Bahari ya Kaskazini huko Ujerumani na Uholanzi, upate binti mwenye maziwa mengi kuliko mama yake na kiwele kikubwa zaidi, ila kisichofikia cha upande wa baba.

Sasa kuna mtego. Maziwa mengi na kiwele kilichoshuka hutembea pamoja katika urithi. Anayechagua madume kwa lita tu, kizazi baada ya kizazi, anateremsha viwele na kuzisukuma chuchu pembeni bila kukusudia. Wafaransa wa kanda ya jibini la Roquefort walifanya hivyo na kondoo wa Lacaune kwa miongo kadhaa wakapata maziwa waliyoyataka. Ilipofika katikati ya miaka ya 2000 waliingiza umbo la kiwele na wingi wa seli za maziwa (seli za mwili zilizomo kwenye maziwa, ambazo huongezeka kiwele kikishikwa na maambukizi) kwenye vigezo vya kuchagua madume. Ukinunua damu ya Lacaune, uliza ni ya mstari wa kabla au wa baada ya hapo. Wahispania nao, tangu mwaka 1996, wana mfumo wa kukipa kiwele alama 1 hadi 9 kwa kina, mshikamano, mwelekeo wa chuchu, ukubwa wa chuchu na umbo la jumla. Huhitaji kompyuta kuutumia. Unahitaji mtu mmoja, awe yule yule kila mara, na awatazame kondoo kabla ya kukamuliwa, wakiwa takriban mwezi ule ule baada ya kuzaa. Alama za kiwele kilichojaa na kilichokamuliwa hazilinganishwi.

Vikombe vinadondoka au vinafyonza hewa

Hii ndiyo shida inayotajwa kwanza, kwa kuwa inasikika. Kikombe kinapopiga mluzi, hewa inaingia kati ya chuchu na mpira wa ndani. Zaidi ya usumbufu, hewa ile hurudisha matone ya maziwa kwa kasi kuelekea tundu la chuchu, na kama kuna vijidudu kwenye bomba, vinarushwa ndani.

Chuchu zilizotazama pembeni ndizo chanzo cha kurithi kinachojulikana zaidi. Kikombe kinavutwa chini na uzito wake huku chuchu inaelekea ubavuni, kwa hiyo mpira unajikunja. Chotara wa damu ya nyama wana sababu nyingine: chuchu fupi na nyembamba ambayo mpira wa kikombe, uliotengenezwa kwa chuchu kubwa, haushiki. Huyu wa pili unaweza kumsaidia kwa kubadili mpira uwe mwembamba. Huyu wa kwanza utamshikia kikombe kwa mkono maisha yake yote.

Kabla ya kuandika lolote kwenye daftari la dume, pima mashine. Nimeona watu wakinunua mashine ya ng'ombe iliyotumika, wakabadilisha vikombe tu na kuiwasha. Ng'ombe hukamuliwa kwa mvuto ambao mara nyingi ni kilopaskali 42 hadi 50, mipigo kama 60 kwa dakika. Kondoo wa maziwa huhitaji mvuto wa chini zaidi, kilopaskali 36 hadi 40 hivi, na mipigo ya haraka, 120 hadi 180. Mvuto ukiwa mkubwa, ncha ya chuchu huvimba na kuwa ngumu, na baada ya wiki kadhaa unaona duara jeupe lililokakamaa kuzunguka tundu. Ukiliona duara hilo kwa binti wa madume wote, muite fundi.

Mashine imemaliza, kiwele bado kizito

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo uchotara unapoacha alama yake kubwa, na dalili ni moja kumbe vyanzo ni viwili vinavyotaka dawa tofauti.

Maziwa ya kondoo hukaa sehemu mbili. Kuna yale yaliyokusanyika kwenye nafasi ya wazi iliyo juu ya chuchu, ambayo wataalamu huiita sisterna, na kuna yale yaliyobaki juu kwenye vifuko vidogo yanakotengenezwa. Ya sisterna hutoka mara tu chuchu ikifunguka. Ya juu hayatoki mpaka mwili utoe homoni ya oksitosini, yaani mpaka kondoo ashushe maziwa. Kondoo wa koo za maziwa wana sisterna kubwa inayobeba zaidi ya nusu ya maziwa yote. Kondoo wa nyama wana sisterna ndogo, na chotara yuko kati.

Chanzo cha kwanza ni sisterna iliyoteremka chini kuliko chuchu. Kiwele kirefu chenye chuchu za pembeni ni tangi lenye koki ubavuni: maji yaliyo chini ya koki hayatoki hata ukisubiri hadi jioni. Chanzo cha pili ni kondoo aliyekataa kushusha: sisterna imekwisha, lakini vifuko vya juu vimejaa.

Kuwatofautisha kunachukua chini ya dakika. Mtiririko ukikatika, chuchumaa nyuma ya kondoo bila kuvua vikombe. Pitisha vidole chini ya kiwele mpaka kwenye mfereji unaotenganisha nusu mbili, uinue taratibu sentimita chache. Kama bomba linajaa maziwa ghafla na kiwele kinalegea mkononi, ni umbo. Kama hakitoki kitu na juu ya kiwele, karibu na tumbo, bado kumejaa kama mwanzo, usiinue tena. Kanda polepole kwa nusu dakika. Yakianza kutoka wakati huo, tatizo ni kushusha.

Kwa wale wa umbo, kuinua kila siku ni kazi ya ziada kwa kila kichwa, na kwenye kundi la mia moja hiyo ni saa nzima. Waisraeli walibuni ndoano ya kuinua mfereji huo wakati mashine inakamua, iitwayo ndoano ya Sagi, na inafanya kazi. Maoni yangu ni kwamba ndoano ni ya kumaliza msimu tu. Dume aliyezaa binti wengi wa aina hii hapandishwi tena, na wana madume wa binti hao hawaachwi kuwa wapandaji.

Kwa wale wasioshusha, angalia kwanza hofu: mbwa mlangoni, kelele, mkamuaji mgeni, mzao wa kwanza asiyejua jukwaa. Kisha angalia damu. Chotara mwenye damu nyingi ya nyama hutegemea zaidi kushusha kwa kuwa sisterna yake ndogo haimfichii aibu, na ndiye anayepoteza sana ukimkamua mara moja kwa siku. Yule wa damu ya maziwa huvumilia mkamuo mmoja vizuri zaidi.

Maziwa yapo, jibini halitoki

Maziwa ya kondoo kwa kawaida yana mafuta asilimia 6 hadi 8. Yakishuka ghafla na malisho hayajabadilika, rudi kwenye kushusha, sababu chembe za mafuta hubaki zaidi kwenye vifuko vya juu. Maziwa ya sisterna peke yake ni mepesi. Katika kituo cha utafiti cha Spooner cha Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walikokuwa wakikamua chotara wa East Friesian, jambo hili lilionekana wazi kwa kondoo waliotenganishwa na wana usiku, wakakamuliwa asubuhi, kisha wakarudishiwa wana mchana. Kondoo hao walikuwa wanawawekea wana wao mafuta. Baada ya kuachisha kabisa, mafuta yalirudi kwenye ndoo. Ukifuata mtindo huo, usimhukumu dume kwa jibini la wiki za mwanzo.

Kiwele kimepita goti la nyuma

Simama ubavuni mwa kondoo kabla hajakamuliwa. Sakafu ya kiwele isipite usawa wa goti la nyuma, lile linalokunjika kwenda nyuma. Kikipita hapo, kinagonga miguu akitembea, kinachubuliwa na miiba, kinalala kwenye samadi.

Tofautisha vitu viwili. Kiwele kirefu kilichoshikamana kwa upana na tumbo, chenye mfereji wa kati unaoonekana vizuri, kano lake bado liko imara. Huyu ana maziwa mengi tu. Kiwele kilichofungwa kwa shingo nyembamba, sakafu tambarare bila mfereji na chuchu zimefunguka nje, kano la kati limeachia. Chotara wa aina hii ya pili huzeeka haraka mno: uzao wa kwanza anapita, wa tatu anaburuza. Ndiyo maana alama za uzao wa kwanza zinasema kidogo kuhusu dume, za uzao wa tatu zinasema ukweli wake. Kwa dume mwenyewe huwezi kuona kitu. Mtazame mama yake akiwa mzee, na dada zake.

Upande mmoja: joto, uvimbe, mabonge

Hapa sahau mambo ya damu kwa muda. Kamua matone ya kwanza ya kila upande kwenye kikombe cheusi. Mabonge, majimaji ya njano au damu upande mmoja ni ugonjwa wa kiwele. Kiwele kikiwa cha baridi na rangi ya buluu au zambarau, kondoo anaburuza mguu wa nyuma na hataki kula, hiyo ni ile aina inayooza, mara nyingi kutokana na Staphylococcus aureus au Mannheimia haemolytica, na ni dharura ya daktari saa hiyo hiyo. Vidonda vyenye magamba kwenye chuchu, na mwana wake ana magamba mdomoni, ni ugonjwa wa ngozi uitwao ofu. Vaa glavu, huambukiza na binadamu.

Kwenye nchi za Mediterania, kondoo wengi wakikauka maziwa kwa pamoja, baadhi macho mekundu na wengine wanachechemea, fikiria kijidudu kiitwacho Mycoplasma agalactiae. Hiyo huingia kundini na mnyama mgeni.

Pande zote mbili ngumu, hakuna joto

Huu ndio ugonjwa unaovunja kanuni. Kondoo anazaa, kiwele kimejaa na kigumu sawasawa kulia na kushoto, maziwa ni kidogo na hayana bonge hata moja. Hana homa. Dada zake wana hali hiyo pia. Kila kitu kinaashiria urithi, na mfugaji anaandika kwamba damu mpya imeharibu viwele.

Kumbe ni kirusi cha maedi-visna. Kinapita kwa dang'a kutoka kwa mama kwenda kwa mwana na kwa pumzi zizini, ndiyo maana kinafuata familia. Hakina tiba wala chanjo; kinathibitishwa kwa kipimo cha damu. Iceland wanakijua kwa uchungu: mwaka 1933 waliagiza kondoo 20 wa Karakul kutoka Halle, Ujerumani, kwa ajili ya kuchanganya damu, na wakaingiza kirusi hiki pamoja na magonjwa mengine ya mapafu na utumbo. Kukitokomeza kulihitaji kuchinja makundi mazima katika wilaya nyingi, na kesi ya mwisho ilikuwa mwaka 1965. Kwa hiyo cheti cha maedi kinatangulia cheti cha lita unaponunua dume.

Seli ziko juu, kondoo haonekani mgonjwa

Kipimo cha California, ile dawa ya kuchanganya na maziwa kwenye sahani, kinaganda kwa wengi bila dalili nyingine. Kwanza hakikisha chanzo si uchafu wala mashine. Kisha, kama wanaoganda ni wa mstari mmoja, kuna uwezekano halisi wa urithi. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walichapisha kwamba katika Lacaune kuna badiliko kwenye jeni iitwayo SOCS2 linalomfanya kondoo awe mkubwa na mwenye maziwa zaidi, na papo hapo awe mwepesi wa kushikwa na maambukizi ya kiwele. Mtu anayechagua mwili mkubwa na lita anaweza kuwa analichagua bila kujua. Chotara anapokea nakala moja kutoka kwa dume mwenye nakala hiyo, na nusu ya binti watakuwa nayo hata kama dume amebeba moja tu.

Kizazi cha kwanza kilikuwa kizuri, cha pili kimevurugika

Ulipandisha chotara kwa chotara. Kizazi cha kwanza hufanana kwa kuwa kila mmoja ana nusu kwa nusu. Cha pili hugawana upya: mmoja ana kiwele cha bibi wa nyama, mwingine cha babu wa maziwa, wa tatu ana kina cha huyu na chuchu za yule. Hilo si ugonjwa na wala dume hajadanganya.

Njia ya kutoka ni mbili. Ama endelea kuzalisha kizazi cha kwanza tu kwa kuweka majike wa koo safi pembeni, ama amua uwiano na uchague kwa ukali vizazi kadhaa. Israel walichukua njia ya pili kuanzia mwaka 1955: East Friesian safi hakuhimili joto la huko, Awassi, kondoo wa asili wa huko, alihimili lakini akizaa wana wachache, wakajenga koo mpya, Assaf, mwenye theluthi-na-ushee ya East Friesian, kwa hesabu kamili 3/8, na 5/8 ya Awassi. Hiyo ilichukua miongo na makundi makubwa. Mwenye kondoo arobaini abaki njia ya kwanza.

Huku Afrika Mashariki, wanaokamua kondoo kwa chai ya nyumbani, Wamasai, Wasamburu, Warendile na Wasomali, wengi sasa wana damu ya Dorper kundini. Dorper ametokana na Dorset Horn na kondoo mweusi kichwa wa Kisomali, akatengenezwa Afrika Kusini kwa ajili ya nyama. Ukiona chotara wake ana mwili na kikombe hakijai, usitafute dawa ya kuongeza maziwa. Hakuumbiwa hayo.

Mwana haoni chuchu

Mwanakondoo aliyezaliwa hutafuta juu, kwenye kinena. Chuchu iliyoning'inia karibu na ardhi anaipita, na iliyo nene kama kidole gumba haiingii mdomoni. Tumbo la mwana likiwa bapa saa mbili baada ya kuzaliwa, mkamue mama na umnyweshe mwenyewe: dang'a mililita 50 kwa kila kilo ya uzito kwa mlo, jumla mililita 200 kwa kilo ndani ya saa 24 za kwanza. Wa kilo 4 anahitaji mililita 200 mara nne.

Chunguza pia chuchu za ziada, maana huchanganya mwana anayenyonya kitu kisicho na tundu. Nyingi ni ndogo, ziko mbele ya zile mbili, na hazidhuru. Iliyo karibu mno na chuchu ya kweli huzuia kikombe kukaa. Usiikate mwenyewe, daktari huikata mwana akiwa mdogo, na ukoo huo unaandikwa kwenye daftari.